Sekunde Arobaini Kabla ya Wimbo wa Nne

Nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyenikatia keki. Bosi wangu Barnaba alifunga duka letu la nyimbo pale Chepilat, akanipa katoni moja ya kava tupu za CD, akasema, "Chebet, dunia imehamia kwa simu. Enda ulee mtoto." Mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni.

Kwa hivyo msinicheke nikiongea kama mzee wa kazi. Miaka kumi si mchezo. Nyinyi mnaomaliza shule sasa, mnaosema kila kitu kiko kwa simu, mnaobonyeza wimbo na kuuruka kabla haujafika mahali, haya ni yenu. Nimekasirika, niwaambie mapema. Nusu ya hasira ni yenu na nusu ni yangu mimi mwenyewe, na mtajua kwa nini.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu analeta CD zake, tunavuta nyimbo zote kutoka kwa CD tunaziweka kwa kompyuta, halafu anachagua anazotaka, tunamchomea CD mpya au tunamjazia flash. Wikendi tunabeba mikrofoni mbili na mixa ndogo tunaenda kurekodi kwaya. Ukiniuliza kitu cha kwanza Barnaba alinifundisha, si kompyuta. Ni mawingu.

"Ukiona upande wa Kericho pamekuwa rangi ya sufuria iliyoungua," aliniambia, "usichome kitu."

Mimi nilikuwa nimetoka Form Four jana, najua yote. Nikachoma. Huku kwetu mvua inaingia saa nane mchana kama mtu wa shifti. Radi ikapiga mara moja, stima ikaenda, na CD iliyokuwa nusu njia ikageuka kifuniko cha kikombe. Stima ikarudi, nikaanza nyingine. Ikaenda tena. Siku hiyo niliua CD tano. Barnaba hakunigombeza. Alizitundika ukutani kwa msumari, akaandika juu yake: CHEBET VOLIUMU YA KWANZA. Wateja wakawa wanauliza bei.

Sikieni lingine, maana najua kuna nyumba bado zina CD ndani ya droo. Usiipanguse kwa kuzunguka kama unaosha sahani. Pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, kwa kitambaa laini cha pamba. Mkwaruzo wa kutoka katikati kwenda ukingoni, mashine inauvuka. Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya wimbo, na mashine inapotea humo ndani. Na watu wote hulinda upande unaong'aa, wakifikiri wimbo uko huko. Hauko. Uko juu, chini tu ya ile rangi yenye maandishi. Upande unaong'aa ukikwaruzwa kidogo unaweza kusaidika. Upande wa maandishi ukibanduka, zika.

Lakini somo lililoniumiza tumbo kwa kucheka ni la majina. Kompyuta yetu ilikuwa na tabia ya kujifanya inajua. Ukiweka CD isiyo na majina inapima urefu wa kila wimbo, inauliza mtandao hii ni ya nani, na mtandao unajibu chochote kinachofanana. Siku moja niliweka CD ya kwaya ya vijana, nyimbo tisa. Mtandao ukasema ni ya bendi fulani ya ng'ambo. Sikusoma. Nilibonyeza sawa, nikamjazia pasta flash yake.

Jumatatu pasta akaingia dukani, ameishika ile flash kwa vidole viwili kama mkia wa panya.

"Chebet. Jana nilimbeba askofu kwa gari."

"Bwana asifiwe, pasta."

"Usinisifie kwanza. Redio ya gari imeandika Harusi ya Shetani. Wimbo wa kwanza mpaka wa tisa. Na askofu anajua kusoma."

Barnaba alicheka mpaka akakaa chini. Pasta alipoondoka akaacha kucheka. "Majina andika kwa mkono wako," akasema. "Hii kompyuta haijui watu wetu."

Kuna mteja aliyenisumbua kuliko wote. Mzee Odhiambo. Alikuja zamani kutoka upande wa ziwa, akafanya kazi kwa boila ya kiwanda chetu cha chai mpaka akastaafu. Ndiye aliyekuwa anachochea moto wa kukausha majani yetu sisi wenye mashamba madogo. Masikio yake yalizoea kusikiliza boila: akisema sauti imebadilika, imebadilika. Nyumbani alikuwa na amplifaya ya zamani ya vitufe vya kuzungusha, na spika mbili zinazomfikia mtu kifuani. CD zake alizibeba zimefungwa kwa taulo.

"Vuta polepole," ananiambia.

"Mzee, kuna foleni."

"Foleni haina haraka, ni wewe. Ukivuta mbio unaruka vitu. Na usibane. Na usikate mwanzo, usikate mwisho. Mtu akikohoa, wacha akohoe."

"Sasa kikohozi ni cha nini, Mzee?"

"Huyo aliyekohoa alikuwa hapo. Mimi nataka watu waliokuwa hapo."

Tulimwita Mzee Kikohozi. Si mbele yake.

Sisi wengine tulikuwa tunakata. Wateja walitaka nyimbo mia mbili kwa memori kadi moja ya simu, na ili ziingie lazima ubane. Kubana ni kutupa, msidanganywe: unatupa zile sauti ndogo ambazo sikio halitauliza ziko wapi. Wimbo mmoja wa Mzee Odhiambo ulichukua nafasi ya nyimbo kumi za watu. Na baada ya kubana unasafisha. Unaondoa kimya cha mwanzo, unaondoa watu wakisogeza viti, unaondoa salamu. Nilikuwa na mkono mwepesi sana kwa hiyo kazi. Barnaba alinisifu. Mimi mwenyewe nilijisifu.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Asubuhi anachuna chai, jioni anaongoza mazoezi, na katikati anakamua ng'ombe. Tuliwarekodi Jumamosi moja asubuhi, mapema, kabla mvua haijaanza kupiga mabati. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine. Kabla ya wimbo wa nne mama akaona ile taa nyekundu inawaka, akasonga karibu na mikrofoni, akaanza kusalimia. Hakuna aliyemwambia. Nyimbo zilikuwa za Kikipsigis, lakini salamu akazitoa kwa Kiswahili, kwa sababu Chepilat ni soko la mpakani na majirani zetu wa upande wa Nyamira nao wananunua CD.

Kiswahili cha mama kilikuwa cha mama. B ilikuwa P, D ilikuwa T, na G ilikuwa K. Hakufika shule ya kukifundishwa.

Tulichoma CD ishirini za kwanza nikiwa bado sijakata kitu. Siku ya uzinduzi zikapigwa kwa spika za kanisa, na salamu ikasikika mpaka barabarani. Nyuma yangu walikaa wasichana wawili tuliosoma nao. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Sisi ni akina mama, tunaimpa." Wakaficha nyuso kwa vitabu vya nyimbo, mabega yanatingishika.

Uso wangu uliwaka kama jiko. Jumatatu niliingia dukani kabla ya Barnaba, nikafungua faili, nikachagua kutoka mama anapovuta pumzi mpaka kinanda kinapoanza. Sekunde arobaini. Nikafuta, nikahifadhi faili mpya juu ya ile ya zamani. Kazi ya kidole kimoja. CD zote zilizofuata zilikuwa safi.

Mama alipoona salamu haipo aliniuliza mara moja tu.

"Kulikuwa na kelele, mama," nikamwambia.

"Sawa. Wewe ndio unajua mashine."

Hakuuliza tena.

Nyinyi mnaorekodi akina mama sokoni mkiwachekea matamshi, halafu mnaweka video fupi ili nchi nzima icheke, nawaona. Msidhani siwaoni. Niliwatangulia.

Miaka ikaenda. Mama akashikwa na ugonjwa wa koo, na sauti ikatangulia kabla yake. Alipolazwa hospitali ya Longisa alikuwa anaandika kwa daftari la mazoezi: leta leso, ng'ombe amekunywa maji? Alizikwa mimi nikiwa na mimba ya miezi saba. Simu yake ilikuwa ile kabambe ya tochi. Haikuwa na mahali pa kuweka sauti ya mtu.

Mtoto alipozaliwa, shangazi zangu wakamfanyia kama desturi yetu ilivyo: wanataja majina ya waliotangulia, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Alipiga chafya kwa mama yangu. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hakuna mtu mle ndani aliyenyamaza. Hata mke wa mzee wa kanisa alipiga kigelegele. Basi nikawa na msichana mwenye nafsi ya bibi yake, na hajawahi kusikia bibi yake akisema hata neno moja.

Mimi mwenyewe nilianza kuisahau. Hilo ndilo watu hawawaambii. Uso unabaki, kuna picha. Sauti inaondoka kidogo kidogo kama harufu ya nguo. Nilikuwa naosha vyombo, najaribu kumsikia mama akiniita kutoka kwa majani chai, na ninasikia mtu tu anaita.

Nikatafuta kwa simu. Vijana wa kanisa walikuwa wamezipakia nyimbo za kwaya huko mnakosikilizia nyinyi kwa bando. Nikakaa kitandani na mtoto, nikabonyeza wimbo wa nne. Kwanza mtu akanitangazia sabuni. Halafu kinanda. Kinanda papo hapo, puu, hakuna hata pumzi. Mama akaimba vizuri, katikati ya wengine kumi na wanne, na ulipoisha tu, kabla sijafuta macho, simu ikarukia wimbo wa mtu wa mbali ambaye sikumwita.

Nilitaka kuirusha hiyo simu ukutani. Lakini vijana hawakukosea. Walipakia faili safi. Faili niliyoisafisha mimi.

Nikampigia Barnaba. Akasema kompyuta ya duka iliuzwa kwa mtu wa saiba ya intaneti, ikafutwa yote. "Pole, Chebet. Lakini si nyimbo ziko mtandaoni?"

Nikakumbuka kwamba mama alikuwa na CD yake, moja ya zile ishirini za kwanza. Nikaenda nyumbani na mtoto mgongoni. Kabatini kwa mama hakuna kitu. Nikamuuliza Mama Ian, mke wa kaka yangu, CD za mama ziko wapi. Akanyoosha kidole dirishani.

Ziko kwa wimbi. Shamba dogo la wimbi la uji chini ya majani chai, na juu yake kamba zimetandazwa, na CD za mama zote zinaning'inia humo, zinazunguka kwa upepo, zinafukuza ndege.

Nilikimbia nikiwa na mtoto hivyo hivyo. Nikazishika moja moja. Nilijua kabla ya kuzigeuza. Upande wa maandishi, mvua ya saa nane ya misimu miwili ilikuwa imeubandua. Ile ya kwaya niliitambua kwa herufi zangu zilizobaki, ...WAYA YA AKI... Nikaiinua. Niliona mtoto wa Mama Ian upande wa pili, kama kwa kioo cha dirisha.

"Mama Ian! Hivi kweli! CD za marehemu unafukuzia ndege?"

"Usinipigie makelele mbele ya watoto, Chebet." Alikuwa ameshika jembe na hakuliweka chini. "Tulikuuliza siku ya kupanga vitu vya mama. Ukasema nini? Si wewe ulisema tusijaze nyumba takataka, zote ziko kwa simu?"

Nilisema hivyo. Nilikuwa nimesahau, lakini alipotamka nikakumbuka hata mahali niliposimama. Nikakaa chini kwa wimbi. Mama Ian akanipokea mtoto, akaniacha nilie.

Ni yeye aliyesema, akiwa amenipa mgongo: "Lakini CD zilikuwa ishirini. Wengine walionunua ni nani?"

Wengine niliwatafuta wiki tatu. Ya mmoja ilivunjwa na watoto, ya mwingine ilibaki kwa gari lililouzwa. Nyumba nyingi hata mashine ya kuchezea hawana tena. Halafu usiku mmoja, hapana, ni mchana, nikiwa namnyonyesha mtoto, nikakumbuka mama alisalimia nani. Aliwasalimia watu wa kituo cha kuuzia majani. Na aliwasalimia watu wa boila.

Mzee Odhiambo alikuwa amejenga huko Soin, chini kwenye joto. Nikapata namba.

"Mzee, ni Chebet, wa duka la Barnaba."

"Yule wa kukata vikohozi?"

"Ndiyo, Mzee. Huyo."

"Kuja asubuhi. Saa nne nakuwa macho na stima inakuwa na nguvu."

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba kimoja kilikuwa cha spika. CD alikuwa ameshaziweka zote kwa hadidiski, moja baada ya nyingine, polepole vile alivyokuwa ananiamuru mimi, akiwa amejifunza mwenyewe kwa kompyuta ya mwanawe. Halafu alikuwa na hadidiski ya pili yenye vitu vile vile, imewekwa nyumba ya jirani. "Kitu kimoja si kitu," akasema. Majina yote ameyaandika kwa mkono wake, mpaka jina la aliyepiga ngoma. Alipoifungua orodha niliona: Kwaya ya akina mama, Chepilat, walinisalimia.

"Uliinunua kwa sababu ya salamu?" nikamuuliza.

"Miaka ishirini na sita nimechochea moto, nyathina, mwanangu. Mameneja walikuja, wageni walikuja, wote wanasifu majani. Mtu aliyesema asante kwa moto ni mama yako peke yake. Keti. Usiongee."

Akazungusha kitufe cha amplifaya. Kwanza kukaja kimya, lakini si kimya cha simu. Kilikuwa kimya cha kanisa letu: kiti kikasogezwa, mabati yakalia kwa jua, mtu akakohoa. Mzee akainua kidole kwa kile kikohozi, akatabasamu. Halafu pumzi. Halafu mama, hatua mbili mbele yangu, urefu wake kamili.

"Pwana asifiwe. Sisi ni akina mama wa Chepilat, tunaimpa na tunachuna chai. Nasalimia watu wa kituo. Nasalimia watu wa poila, mnakausha majani yetu, Munku awapariki. Na msichana wanku ako hapo kwa mashine. Chamgei!"

Kwaya yote wakajibu salamu yetu ya Kikipsigis kwa pamoja, "Chamgei mising!"

Na hapo, karibu na mikrofoni kuliko mtu mwingine yeyote, sauti ya msichana, kali, ya kuchoka: "Mama! Ongea Kiswahili vizuri basi, tunarekodi!"

Hiyo sikuikumbuka. Naapa. Kwa miaka yote nilikumbuka kwamba nilikata mama. Sikukumbuka kwamba nilikuwa nimejikata na mimi.

Mama akacheka. Kile kicheko chenyewe, cha kuanzia puani. "Mashine yako haijui Kikipsigis? Pasi ifuntishwe." Akina mama wakaangua kicheko, mtu akapiga paja, na kinanda kikaingia juu ya kicheko, kama kilivyoingia siku ile.

Mzee aliuacha wimbo uishe. Akaacha hata kimya cha mwisho kiishe. Mtoto alikuwa ameshika kitambaa cha mbele cha spika kwa mikono miwili. Mimi sikuweza kuangalia mtu.

"Nitakuwekea kwa flash," Mzee akasema, kwa sauti ya chini. Halafu, bila kunitazama, "Ukitaka, nikukatie hapo pako. Najua vile inafanywa. Utabaki na mama tu."

"Usiguse, Mzee."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa hapo," nikasema.

Kwa hivyo nyinyi, sikieni, halafu niwaache muende kwa bando zenu. Sikilizeni huko, mimi pia nasikiliza nikipika. Lakini yule mtu wa kwenu ambaye mtandao haumjui, mrekodi na uache yote. Acha kikohozi, acha kiti, acha matamshi. Usibane. Andika jina kwa mkono wako. Weka nakala mbili kwa nyumba mbili. Fanya asubuhi, kabla mawingu hayajawa rangi ya sufuria.

Siku hizi nina spika ndogo ya wufa sebuleni, na flash haitoki. Kila asubuhi nafungulia wimbo wa nne kuanzia pale kiti kinaposogezwa. Msichana wangu anaacha chochote anachofanya, anasimama mbele ya wufa, maana kwetu mtoto hasalimiwi akakaa kimya. Bibi yake anasema, "Chamgei!" na yeye anajibu pamoja na kwaya, kwa sauti yote, "Chamgei mising!"

Mimi niko jikoni na mikono kwa maji, nimejitayarisha, najua sekunde ile. Nafungua mdomo niitikie na mimi. Na kila siku yule msichana wa mashine ananitangulia.